Tawi la Kulinganishia

Ijulikane kwa wananchi wote, kuanzia Mitaboni hadi Muthetheni, wakiwemo wale wasio na shamba wala hamu ya matunda, kwamba mnamo mwaka wa 1997 wilaya iligundua chenza.

Kabla ya hapo watu walikuwa wanayala machenza tu. Kila mtu alipanda aina aliyotaka, akavuna yalipoiva, akauza, akasomesha watoto, na yote hayo bila kamati. Hali hiyo haikuweza kuachwa iendelee. Ikaundwa Kamati ya Uteuzi wa Chenza Rasmi, yenye wajumbe kumi na mmoja. Mwenyekiti alikuwa Bwana Mulwa, mwenye tumbo la uongozi na shamba kubwa Kangundo. Katibu alikuwa Bartholomew Wambua, mwenye muhuri.

Muhuri huo Bartholomew aliubeba kwenye mfuko wa koti, upande wa moyo. Alikuwa mtu mwema, asiyechelewa kazini, na aliamini kwamba jambo lisilogongwa muhuri bado halijatokea.

Kazi ya Kamati ilikuwa kuchagua aina moja ya chenza itakayopandwa kwa biashara wilaya nzima. Moja tu. Mkulima wa kawaida angeuliza mti unazaa kiasi gani, unavumilia kiangazi vipi, na tunda linafika Nairobi likiwa zima au limepondeka. Kamati iliona maswali hayo ni ya kibinafsi. Yenyewe ilitazama mambo makubwa. Je, chenza likiwekwa kwenye meza kuu litatulia, au litabingirika hadi miguuni mwa mgeni wa heshima? Likimenywa litarusha maji kwenye tai? Lina mbegu ngapi, na mgeni wa heshima atazitemea wapi?

Chenza la Satsuma lilianguka mtihani wa kwanza. Ganda lake lilikuwa limelegea, na mjumbe mmoja akasema linafanana na mtu aliyeazima koti la kaka yake. Densi lilikuwa tamu sana, lakini mbegu zake zilihesabiwa kumi na saba, na Kamati ikaahirisha kikao ili itulie. Klementini likashinda kwa kura kumi na moja kwa sufuri. Ilitokea tu kwamba Bwana Mwenyekiti alikuwa amepanda Klementini mia tatu kule Kangundo miezi miwili kabla ya Kamati kuundwa. Wajumbe walimpongeza kwa kuona mbali.

Palibaki kikwazo kimoja, nacho kilikuwa dada yake Katibu.

Nthambi aliishi Mitaboni, na alikuwa na michenza arobaini, yote Densi. Mumewe alikuwa amefariki, na miti hiyo ndiyo iliyoshika nafasi yake kila shule zilipofunguliwa. Kando ya nyumba alikuwa na kitalu kidogo cha miche ya ndimu kali, ile yenye ngozi ya mabonde, kwa sababu mchenza wa maana hupandikizwa juu ya shina la ndimu. Ndimu inashika udongo, chenza linaleta karo. Hayo kila mtu pale kijijini aliyajua, isipokuwa waliokuwa na ofisi.

Siku Bartholomew alipokwenda kumpa habari, alimkuta akijaza makreti pamoja na Hirad, mnunuzi wake kutoka Machakos mjini.

"Aina moja wilaya nzima?" Nthambi aliuliza bila kuinua kichwa. "Sasa zote ziive wiki moja, halafu?"

"Halafu ni mavuno mengi, dada."

"Muulize huyu."

Hirad alipangusa mikono. "Katibu, mimi niko na lori moja. Hiyo wiki nitabeba ya nani? Ingine mtapatia mbuzi. Na mbuzi nawajua, ni biashara ya baba yangu. Siku ya tatu watakataa."

"Kamati ilitafakari suala la mbuzi," alisema Bartholomew, ambaye alilisikia suala hilo kwa mara ya kwanza.

"Na hiyo Klementini yenu," Nthambi aliendelea, "inataka jirani wa aina ingine ndio maua yashike. Ikiwa peke yake inazaa majani. Batho, mliuliza mkulima hata mmoja?"

"Kulikuwa na mwakilishi wa wakulima."

"Nani?"

"Mwenyekiti."

Hirad akaona ni vizuri aende kukagua magurudumu ya lori.

Agizo lenyewe liliandikwa kwa uangalifu. Manaibu wa chifu, ambao ndio wangelitekeleza, hawakuwa na njia ya kutambua Klementini kwa sura. Kwa hiyo Kamati ikabuni utaratibu. Nyuma ya ofisi ingepandwa Bustani ya Kielelezo, miti sitini. Siku mgeni wa heshima atakapoonja tunda la kwanza, atatia sahihi. Kisha naibu wa chifu atakata tawi kwenye Bustani, litakaloitwa Tawi la Kulinganishia, azunguke nalo shamba kwa shamba. Mti wowote wa jamii ya machungwa usiokuwa na tawi linalofanana na hilo utang'olewa ndani ya siku thelathini.

"Kwa hiyo siku huyo mgeni wenu atakula tunda," alisema Nthambi, "mimi nitang'oa miti arobaini."

"Ni maendeleo, dada."

"Mwana wa mwaitu," alimwambia, kwa vile walinyonya titi moja, "wewe hiyo shule uliisomea wapi? Si mimi nilikuwa nalipa na haya machenza?"

Bartholomew alilinukuu swali hilo kwenye daftari lake, chini ya kichwa Mengineyo.

Miche sitini ya Klementini ilinunuliwa, ikapandwa, ikapigwa picha. Ikaja mvua ya El Niño, mvua iliyobeba madaraja na kuku. Bustani ya Kielelezo ikalewa maji. Chini ya kila kiungo cha pandikizo, kutoka kwenye shina la ndimu, likachomoka chipukizi nene, la kijani kibichi, lenye miiba, likalipita chenza kwa urefu ndani ya miezi michache.

Mwenyekiti alikuja kukagua akiwa na mwavuli.

"Hiki kifupi kinafanya nini hapa?"

"Ndicho tulichopanda, mzee."

"Na hiki kirefu?"

"Kimejitokeza chenyewe."

"Basi hicho kinajituma. Hiki kifupi kimekaa tu, kinangojea mbolea ya serikali." Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa huzuni ya kiongozi. "Hatuwezi kulea uvivu, Katibu. Kata."

Vikakatwa vyote sitini, na makovu yakapakwa chokaa nyeupe kwa usafi.

Wiki hiyo Nthambi alifika ofisini kuchukua barua ya basari ya binti yake Mwendwa. Alipita nyuma, akasimama kwenye ua, akaita.

"Batho! Njoo hapa. Nani alikata hii miti?"

"Imeboreshwa."

"Mmekata chenza mkaacha ndimu! Hii miiba huioni?"

"Ni ulinzi wa asili."

"Ulinzi wa nini? Onja jani basi. Tafuna!"

"Dada, maoni ya wananchi hupokelewa kwa maandishi. Nakala tatu."

Alidhani hilo lingemaliza mazungumzo. Nthambi aliomba kalamu, akachana karatasi tatu kwenye kitabu cha hesabu alichokuwa ametoka kumnunulia Mwendwa, akaandika mara tatu: *Mlichoacha ni ndimu. Pandeni upya. Nthambi wa Mitaboni.* Bartholomew akagonga muhuri, IMEPOKELEWA. Faili la Malalamiko lilikuwa limejaa hadi linafungwa kwa kamba ya katani. Akaziweka kwenye faili la Pongezi, lililokuwa na nafasi ya kutosha.

Nthambi alimtazama akifanya hivyo. Kisha akaomba kitu kimoja tu: nakala ya lile agizo, akalisome nyumbani polepole.

Miaka ikapita. Bartholomew alipomtembelea dada yake alisikitika kuona ameanza kuzembea. Chini ya kila mchenza wake, mwanamke aliyezoea kufyeka chipukizi la ndimu likiwa na urefu wa kidole sasa alikuwa ameacha moja likue, refu kama mkono wa mtu mzima, na miiba yake. Miti yote arobaini. Hakutaka kumuumiza. Alidhani ni huzuni.

Mwaka wa 2001, baada ya kiangazi kirefu, Bustani ya Kielelezo ilizaa. Mgeni wa heshima akatoka Nairobi na magari manne. Hema likapigwa, shule tatu zikaimba, na Bartholomew akasimama karibu na kipaza sauti akishika ratiba, ambayo kipengele chake cha saba kilisema: *Mgeni wa Heshima ataonja na kufurahi.*

Tunda liliwekwa kwenye sahani. Halikubingirika hata kidogo. Wajumbe walitazamana kwa fahari.

Lilikuwa kubwa, la manjano, na ngozi yake ilikuwa na mabonde kama barabara ya Mwala. Mgeni wa heshima alijaribu kulimenya kwa kidole gumba, akashindwa, akaletewa kisu. Akaweka kipande kizima mdomoni.

Jicho lake la kushoto lilijifumba. La kulia likabaki wazi kwa nguvu ya wadhifa. Masikio yalirudi nyuma kidogo. Kutoka safu ya nyuma Bartholomew alimsikia Hirad akinong'ona, "Mama Mwendwa, huyo mzee ataishi kweli?"

Mgeni wa heshima alimeza. Alitazama ratiba. Akasimama.

"Ndugu wananchi," alisema, akifuta chozi, "hili ni tunda lenye msimamo."

Makofi yalilipuka. Shule tatu zikaimba tena. Mgeni wa heshima akatia sahihi haraka, akaomba maji, akaomba mengine, na magari manne yakaondoka kabla ya chakula.

Bartholomew, kama katibu, alipaswa kuonja kwa ajili ya kumbukumbu. Akaonja. Alisimama peke yake kati ya viti vya plastiki, ulimi umemkauka kama kibao, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utumishi alijua jambo kabla halijagongwa muhuri. Alienda kwenye kabati akafungua faili la Pongezi.

Mwenyekiti naye alikuwa ameonja. Kesho yake aliitisha kikao cha dharura, jasho likimtoka.

"Agizo lirekebishwe," alisema. "Lile tawi… halifai."

"Kwa sababu gani, mzee?" aliuliza Bartholomew, kalamu juu ya karatasi. "Naandika kumbukumbu."

"Kwa sababu ile siyo… ile ni…"

Kusema ile ni ndimu ilikuwa kusema kwamba mgeni wa heshima alidanganya umma mbele ya shule tatu. Ilikuwa pia kusema nani aliamuru kukata. Dakika ishirini zilipita. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba kikao kilifungwa kwa maombi.

Basi naibu wa chifu, kijana mwaminifu aliyependa kufuata utaratibu, akakata Tawi la Kulinganishia, akajichoma mara mbili, akaanza safari. Alianzia Mitaboni. Bartholomew alimsindikiza, naye sasa alikuwa anakwenda kuona miti iliyomsomesha iking'olewa kwa muhuri wake mwenyewe.

Nthambi aliwapokea na agizo mkononi, limekunjika kwa kusomwa.

"Hapa imeandikwa, mti uwe na tawi linalofanana. Haijasema ngapi. Ama nimesoma vibaya?"

"Hapana, mama," alisema naibu wa chifu.

"Basi linganisha."

Akainama chini ya mchenza wa kwanza, akaweka tawi lake kando ya lile chipukizi la miiba. Jani kwa jani, mwiba kwa mwiba. Akaandika: *Unafanana.* Akaenda wa pili. Akafika wa arobaini. Kisha akageukia kitalu, mamia ya miche ya ndimu imejipanga kama gwaride, akavua kofia.

"Mama, wewe ndiye mkulima wa kwanza kutimiza agizo lote. Hata umepitiliza."

Bartholomew alimtazama dada yake. Dada yake alikuwa anatazama mawingu.

Kangundo hakukuwa na bahati kama hiyo. Mwenyekiti alikuwa mkulima wa kisasa, na vibarua wake walifyeka machipukizi ya chini kila mwezi bila kuacha hata moja. Naibu wa chifu alilinganisha miti mia tatu ya Klementini, mmoja mmoja, na akaandika mara mia tatu, kwa mwandiko mzuri: *Haufanani.*

Siku ya ishirini na tisa, gari la Bwana Mulwa lilisimama Mitaboni. Alishuka taratibu. Alimkuta Nthambi na Hirad wakijaza makreti, na Bartholomew ameketi kwenye jiwe anamenya Densi na kutema mbegu kwenye kiganja.

"Mama Mwendwa," Mwenyekiti alianza, kwa sauti ndogo kuliko tumbo lake. "Nasikia uko na miche ya ndimu. Nataka mia tatu. Nikichomeka mmoja chini ya kila mti leo, kesho wakija kulinganisha tena…"

"Mia tatu," alisema Nthambi. "Iko. Lakini sasa hii ni miche rasmi, mzee. Siwezi kuitoa hivi hivi tu."

"Unataka nini?"

"Ombi. Kwa maandishi. Sema unataka ndimu, na sema ya nini. Nakala tatu."

Mwenyekiti alimgeukia katibu wake. Bartholomew alitema mbegu ya mwisho, akafuta vidole kwa leso, akatoa muhuri mfukoni, upande wa moyo, akaupulizia.

"Usijali, mzee," alisema kwa upole. "Kwenye faili la Pongezi bado kuna nafasi."