Jua Langu la Chini ya Maji

Jumatatu, 4 Machi

Nimedhulumiwa! Kikundi chetu cha wapiga mbizi wa mapangoni kimefika mlangoni mwa chumba kipya, ndani kabisa, ambacho hakijawahi kuingiwa na mtu. Jumapili tunaingia. Nani atatangulia? Mkuu wa kamba, yule anayefunga kamba ya kutuongoza kutoka gizani, amesema atatangulia mwenye taa bora. Kisha akamtazama shemeji yangu. Shemeji! Kaka wa mke wangu, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kuvaa mapezi ya miguuni!

Taa yake ni ya LED, kijitaa kidogo, mwanga mwembamba. Eti inawaka saa nyingi bila kuchoka. Hata taa ya jokofu haichoki, mbona hatuipeleki pangoni? Mtu wa kwanza kukiona chumba kile nitakuwa mimi.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda duka la vipuri kuomba balbu ya halojeni iliyo kali kuliko zote. Muuzaji ameniuliza ni ya gari gani. Nimemwambia si ya gari, ni ya mtu. Akaenda kumwita mwenzake aje anione. Watu hawana adabu.

Nimepata ya gari la mashindano. Sasa nguvu. Betri za tochi haziwezi hata kuichokoza. Nimezunguka nyumba nzima nikifikiri, hadi nikaliona jibu chini ya cherehani: betri ambayo mke wangu huwashia taa ya kushonea umeme ukikatika. Nimeiazima. Sijamwambia, maana ana kazi nyingi na sikutaka kumsumbua.

Jumatano, 6 Machi

Limezaliwa! Nimeliita Jua. Balbu ndani ya chupa nene ya kioo, betri ndani ya kopo la kufunga kiunoni, waya katikati. Nililiwasha sebuleni ili mke wangu ajionee. Mwanga ulioje! Jirani alifunga dirisha. Mke wangu alisema ni zuri sana, akiwa amefumba macho.

Kisha kitambaa cha meza kikaanza kufuka moshi. Kumbe balbu hizi huwa moto kama jiko, haziwekwi karibu na kitambaa. Ningejuaje? Shemeji, aliyekuwa amekuja kula, akasema imeandikwa kwenye pakiti. Kila kitu changu kikiungua, shemeji yupo mezani.

Hapo hapo umeme ukakatika. Mke wangu akauliza betri yake iko wapi. Nikamwonyesha. Amenuna, na sare za wateja wake zimelala bila vifungo. Hakuna mvumbuzi anayeungwa mkono nyumbani kwake.

Ijumaa, 8 Machi

Leo taa zimepimwa kwenye bwawa la kuogelea. Jua lilipowaka, wote walijiziba macho. Nilishinda pale pale! Lakini mkuu wa kamba hakuishia hapo. Anataka taa iwake muda wote wa safari, na muda mwingine wa akiba juu yake. Tukakaa ukingoni kusubiri. Jua likageuka la njano. Likawa jekundu. Likazima. Kijitaa cha shemeji kikaendelea kuwaka, bila aibu.

Nilimweleza mkuu kwamba nitaogelea haraka. Hakucheka. Shemeji ndiye atakayetangulia. Mimi nitakuwa wa mwisho, tena kwa sharti niende na taa ya kawaida.

Wa mwisho! Sawa. Nimekubali kwa unyenyekevu mkubwa. Aliye wa mwisho hana mtu nyuma yake wa kuona amebeba nini. Tukifika mlangoni mwa chumba, nitawasha Jua na kuwapita wote.

Jumapili, 10 Machi

Naandika kwa hasira, kwa hasira tu.

Nilisubiri wenzangu wazame, nikalitoa Jua kwenye taulo, nikalifunga kiunoni. Mambo yalikwenda barabara. Tulipofika mlangoni, nikaliwasha. Ule waya! Ulikuwa umelegea. Jua likawaka, likazima, likawaka, likazima. Nikalitikisa. Nikalitikisa zaidi.

Sasa, kule chini watu huzungumza kwa taa. Ukizungusha mwanga polepole, uko salama. Ukiupepesa kwa nguvu, unakufa. Hilo nalijua, nimelifundisha mwenyewe. Lakini mtu mwenye akili angeona kwamba nilikuwa nikitengeneza!

Wote wakageuka. Mapezi yakatimua tope, mwanga wangu ukagonga lile tope ukanirudia usoni. Nikaona weupe mtupu. Kamba sikuiona. Juu sikukujua, chini sikukujua. Nikaogopa. Niliogopa sana, basi, nimeandika.

Ndipo mkono ukanishika. Shemeji. Alikuwa tayari mlangoni, hatua ya mwisho kabla ya kuingia, akakiacha chumba akanirudia. Akanipa kifaa cha kupumulia cha akiba, ingawa hewa nilikuwa nayo! Akaufunga mkono wangu kwenye kamba, hakuuachia hadi nje. Huko nje akaniambia nimjibu, niseme lolote. Nikamwambia amenikanyaga.

Hakuna aliyeingia chumbani. Sheria yetu ni kwamba anayeomba kurudi haulizwi kwa nini, kwa hiyo walinikumbatia mmoja mmoja. Hadi mkuu wa kamba alipoliona Jua. Nimeondolewa kwenye safari ya Jumapili ijayo. Nitakaa nje ya pango, nchi kavu, kulinda nguo!

Jumanne, 12 Machi

Mke wangu amelia tangu juzi. Ameniambia alikaribia kuzika mume na kaka kwa siku moja. Nimeguswa. Nimemwahidi kwamba sitaingia tena majini na betri ile. Amefurahi, na betri imerudi chini ya cherehani.

Lakini usingizi haukunijia. Nimewaza kosa lilikuwa wapi, na sasa naliona wazi: betri! Betri huisha. Waya wake hulegea. Na mimi nimekatazwa kuingia, sikukatazwa kupeleka mwanga. Jirani ana jenereta. Litanguruma pale nje, kando ya nguo, na waya mrefu utapita pangoni na kuwatangulia wote, ukiwa na balbu sita. Chumba kile kitaonwa kwa mwanga wangu, wapende wasipende.

Jenereta ni zito. Nimempigia shemeji aje tulibebe. Amesema anakuja sasa hivi, na ameniuliza kama nimelala vizuri. Mnafiki mkubwa!