Kamusi ya Bure kwa Mihuri Kumi

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Nimegundua siri! Duka la vitabu la Maman Béatrice, hapa Kamembe, linatoa kadi kwa wateja. Kitabu kimoja, muhuri mmoja. Mihuri kumi, unachukua bure ile kamusi ya Kiingereza ya dirishani. Nene kama tofali! Binti yangu Mwavita anaanza sekondari Jumatatu ijayo, nami nilimwahidi kamusi mbele ya shangazi zake wote. Mke wangu aliuliza kwa nini nisiinunue tu. Maskini, hajui kununua vitabu.

Jumanne, 3 Septemba
Béatrice hakutaja kitabu gani. Basi nimechagua cha bei ya chini kuliko vyote: kijitabu cha kufuga nguruwe. Nakala zilikuwa tisa, nimebeba zote. Mihuri tisa! Wa kumi nitaupata nikilipwa kanzu ninazoshona. Béatrice alitazama kofia yangu ya msikitini, akauliza kama nina uhakika. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa kusoma.
Jirani yetu Maman Nabintu, muuza samaki wadogo wa sambaza aliyetoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, ana mihuri miwili. Miwili! Nilicheka mpaka uzi ukakatika kwenye cherehani.

Alhamisi, 5 Septemba
Mke wangu hutupa kila karatasi anayoiona. Kwa hiyo kadi nimeichomeka ndani ya kijitabu kimoja, ukurasa wa chakula cha nguruwe. Nani nyumbani kwangu atafungua hapo? Vijitabu viko chini ya vitambaa vya kanzu. Nina akili mimi!

Ijumaa, 6 Septemba
Aibu! Baada ya swala, Mzee Rajabu wa kamati ya msikiti alikuja kupimwa kanzu. Akavuta kitambaa mwenyewe. Vijitabu vikamwagika miguuni pake. Nguruwe tisa wakamkodolea macho kutoka kwenye majalada. Akauliza nimeanzisha mradi gani.
Jasho! Nikasema ni mzigo wa Maman Nabintu, ambaye kweli ana nguruwe nyuma ya nyumba. Nikamwita kwa sauti. Alipofika nikamwambia achukue vitabu vyake na vyote vilivyomo ndani, upesi. Alishangaa, lakini yule mama hakatai kitu. Nimepona!
Nilipokuwa nanawa mikono nile ugali, nikakumbuka kadi.

Jumamosi, 7 Septemba
Nilimkuta akitoka dukani kwa Béatrice, kamusi imo ndani ya beseni kichwani. Alikuwa amenunua kitabu kimoja tu, cha muhuri wa kumi. Nikadai kadi ni yangu.
“Papa Mwavita, si ulisema nikamate bitabu na byote byenye biko ndani? Nimekamata. Twende kwa Mzee Rajabu, umuelezee.”
Sikwenda.

Jumatatu, 9 Septemba
Mwavita ameenda shule bila kamusi. Hakulia. Afadhali angelia, maana imeniuma sana. Nabintu amemwambia aje kuisoma kwake kila jioni, kwenye benchi la karibu na banda la nguruwe. Mke wangu amemshukuru Nabintu mara tatu. Mimi hajanisemesha tangu juzi.
Lakini! Béatrice ameweka dirishani dunia ya plastiki inayozunguka. Mihuri kumi! Kitabu cha bei ya chini sasa ni cha kutengeneza pombe ya ndizi. Nimebeba nakala tisa. Kadi nimeichomeka ukurasa wa kukamua ndizi, na vitabu vyote viko chini ya kanzu ninayomshonea Mzee Rajabu. Nani atatazama hapo?