Likizo ya Usiku Tisa

Jumatatu, 15 Septemba

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ofisi. Kila mfanyakazi mwenye sikukuu ya dini yake atapewa siku kumi aende kwao. Siku kumi! Nimelisoma mara tatu, kwa kidole.

Dada alipiga simu jana. Jicho la kushoto la mama limekwisha. La kulia, daktari anasema litaona mpaka mwisho wa mwezi tu. Mama anasema hataki dawa, anataka kuuona uso wangu tu, basi. Mwaka wa nne huu sijafika.

Ofisini siwezi kwenda na habari za mama. Karani ana daftari. Humo nimeshamzika bibi mara tatu na mjomba mara mbili, nipate ruhusa za siku moja moja. Safari ya mwisho aliniuliza kama ukoo wetu bado una mtu aliyebaki hai. Sasa mama anaingia gizani kwelikweli, na mimi nimeishiwa na mtu wa kuniamini.

Lakini kichwa ninacho. Sikukuu za dini yangu zimepita zote nikiwa humu humu, napanga matofali. Wiki ijayo Wahindu wanaanza Navaratri, usiku tisa wa ngoma ya vijiti. Nani anaijua kuliko mimi? Nimekulia mlangoni mwake! Mama alikuwa mfagizi wa ukumbi wao, mimi mlinzi wa viatu. Nimejaza fomu. Penye dini nimeandika: Mhindu, tangu utotoni.

Jumanne, 16 Septemba

Karani amesoma fomu, akavua miwani, akaivaa tena. Akauliza imani hii imenipata lini. Nikamjibu mambo ya moyoni hayapigiwi tarumbeta. Akasema sawa, mcha Mungu, Mhindu anayejulikana hapa kiwandani ni mmoja tu, mchomeleaji. Akinishuhudia kwa saini, niende zangu.

Mchomeleaji ni mzee mkavu. Kutwa yuko kwenye kibanda chake nyuma ya mashine, anaunga kalibu za chuma za kufyatulia matofali. Nilimwamkia kwa heshima zote. Akaitikia bila kugeuka.

Nikaanza kusimulia. Chungu chenye matundu katikati ya ukumbi, taa inawaka ndani yake. Sketi zilizoshonewa vioo vidogo vidogo, zikizunguka ukuta mzima unajaa nyota. Mpiga ngoma mnene aliyekuwa akisinzia huku mikono inaendelea na kazi. Duara ndani ya duara. Vijiti vya rangi vikigongana kama mvua ya mawe juu ya bati. Na mama uani na ufagio wake, akingoja watu watoke, anatikisa mabega kwa mdundo akidhani simwoni.

Mzee akazima mashine yake. Akafuta macho, akasema moshi. Moshi gani, na mashine imezimwa!

Akauliza nani alinifundisha kucheza. Nikasema baba. Baba yangu hakuwahi kucheza chochote ila karata.

Jumatano, 17 Septemba

Mnyapara naye ameingilia kati. Anasema saini peke yake haitoshi, kwa jinsi anavyonijua. Jumapili mchana tucheze wote wawili mbele ya bweni, aone. Tena kiwanda hakiwezi kukosa watu wawili, ataondoka mmoja.

Nikaona nimekwisha. Mzee akasema aende huyu kijana, yeye hana anayemngoja. Alisema hivyo kama mtu anayetaja saa.

Nimemshuku papo hapo. Mtu hakuachii siku kumi hivi hivi. Ana lake huyu.

Ijumaa, 19 Septemba

Vijiti tayari! Nimekata mpini wa ufagio wa stoo vipande viwili. Mtunza stoo amezunguka kutwa anatafuta ufagio wake. Nimemsaidia kutafuta.

Nimefanya mazoezi nyuma ya marundo ya matofali. Mwili haujasahau hata kidogo. Kulia, kushoto, zunguka, gonga. Spika, jamaa wa kitanda cha chini mwenye mdomo usiofungwa, alinichungulia. Akatangaza bweni zima kwamba nimepandwa na kichaa, naua nyoka asiyeonekana. Wivu! Kwao hata mbuzi hachezi.

Jumapili, 21 Septemba

Siku mbaya.

Watu wote walitoka, wengine na sahani mkononi. Mnyapara aliletewa kiti. Spika alipiga ndoo, hiyo ndiyo ngoma. Mzee alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Sikujua kwamba ana shati jeupe.

Tulisimama uso kwa uso. Pigo la kwanza nikapiga hewa. La pili tukakaribia kugongana vichwa. Yeye analeta kijiti cha kulia, mimi naleta cha kushoto. Yeye anazungukia huku, mimi nazungukia kule. Watu walikufa kwa kicheko. Nikaongeza nguvu ili waone kwamba ninajua. Pigo la nne likatua kwenye kidole gumba chake, mkono wa kulia. Nilisikia mfupa.

Hakupiga kelele. Aliinama, akaniuliza polepole, nilikuwa nikisimama wapi siku zile.

Nikasema dirishani. Kwa nje.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwishajua. Akasema ndiyo maana kila kitu ninakicheza kinyume. Nilikuwa nawatazama kwa mbele, nawafuata kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Mkono wao wa kulia kwangu ukawa wa kushoto. Miaka thelathini nimeitunza ngoma nzima kichwani, upande si wake.

Mnyapara akauliza kwa sauti: anajua au hajui? Mzee alikuwa amebana kidole kwapani. Akasema atajibu kesho, ofisini, kwa maandishi.

Kesho! Kwa maandishi! Mtu niliyemvunja kidole!

Jumatatu, 22 Septemba

Anayesema wa kwanza ndiye anayesikilizwa. Kabla king'ora hakijalia nilikuwa mbele ya karani. Nikamwambia mchomeleaji ni mwongo. Ngoma ameisahau yeye, aibu yake anataka kunitupia mimi. Akili nayo imechoka, umri ule. Lolote atakaloandika kuhusu mimi lisipokelewe.

Karani akauliza, lolote? Nikasema lolote.

Hata lenye saini? Hasa lenye saini!

Akavuta droo. Fomu yangu. Mzee aliileta jana jioni, hakungoja kesho. Ameandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelewa: "Huyu ni mtu wa sikukuu yetu. Mwacheni aende kwa mama yake." Habari za mama sikumwambia. Nilimtaja na ufagio wake tu.

Muhuri wa mnyapara ulikuwa umeshagongwa.

Nikasema nimekosea, nilimaanisha mchomeleaji mwingine. Karani akasema hapa yuko mmoja. Akachukua kalamu, akaniomba nirudie maneno yangu taratibu, ayaandike. Kisha akapiga mstari juu ya fomu, mrefu, kwa rula.

Jumatano, 24 Septemba

Nimepita kibandani. Nilitaka kusema neno. Mzee alikuwa anaunga kalibu kwa mkono wa kushoto, anaharibu, anaanza upya. Karani ameshamsimulia yote, hana siri yule. Mzee hakunitukana. Alisema tu kwamba vijiti nilivyosahau mbele ya bweni anavyo yeye, nivichukue.

Mama amenipigia mwenyewe. Nikamwambia siji. Akasema nisijitese, sura yangu anayo. Nikauliza ipi. Ile ya kwenye dirisha la ukumbi, akasema. Mimi nimesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa, pua kwenye kioo, yeye nyuma amenishika kiuno. Alikuwa anauona uso wangu kwenye kile kioo, unacheka. Usiku tisa, kila mwaka, mikono inamuuma hadi asubuhi.

Miaka yote nilidhani ndoo ile ilikuwa imara.

Jumapili, 28 Septemba

Dada amepiga. Jicho la kulia limezimika Ijumaa. Hata mwisho wa mwezi halikufika. Mama amekaa mlangoni, amegeukia upande wa barabara.

Nimekaa na simu mkononi mpaka ikapoa.

Kisha nimeona tangazo jipya! Mfanyakazi mwenye ugonjwa wa macho anarudishwa kwao kutibiwa. Siku thelathini! Mama hataniona, lakini mimi nitamwona.

Nimeanza leo hii. Nimegonga mlango wa bafu mara mbili, na mbele ya karani nimeliamkia pipa la taka. Amenitazama kwa huruma. Nadhani ni huruma.

Kesho napimwa zahanati. Nimeenda mapema, nikageuza ndoo chini ya dirisha, nikapanda, nikazikariri kupitia kioo herufi zote za ubao wa macho. Mtu hawezi kukosea vizuri asipojua jibu.

Limebaki jambo moja. Fomu inataka shahidi, mtu mzima anayejua mambo ya macho. Hapa ni nani kama mchomeleaji, aliyekula moto wa chuma kwa macho yake maisha yote? Kidole chake nimekiona, kimefungwa na kipande cha mpini wa ufagio. Nitampelekea fomu asubuhi. Ni mtu mwema yule. Na mkono wa kushoto bado anao.