Duara Limepimwa kwa Dhana

Leo ni tarehe kumi na tisa Agosti, mwaka mmoja na miezi miwili tangu niondoke hapa machimboni Nyarugusu nikiwa nimewaahidi mashine ya kupima nyufa za mwamba. Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wa meza kuu pamoja na wabeba mikoba wao, wazee wetu, akina mama lishe, nanyi wachimbaji mnaochafuka kwa ajili ya taifa: mwangaluka! (Umati: "Mhola!") Mimi, Deusdedit, Katibu wa Kamati ya Muda ya Kuratibu Uhakika, nimekuja kutoa ufafanuzi wa kina, endelevu na shirikishi kuhusu duara lenu, lile shimo lililopata ufa, ambamo mmegoma kushuka wiki ya pili sasa, mkidai kauli yangu kwamba liko salama ni ramli.

Ndugu zangu, tusitukanane. Ramli ni neno la Kiarabu, maana yake mchanga. Waganga walichora mistari mchangani wakabashiri ya kesho. (Sauti: "Na sisi tunachimba huohuo!") Ofisi yangu haichori mchangani. Ofisi yangu ina dhana. Dhana nayo ni ya Kiarabu, ni wazo lisilothibitishwa, lakini likipitishwa na kikao, likagongwa muhuri na kunywewa chai, linapanda cheo na kuitwa makisio. Makisio yakivaa suti huwa makadirio. Na makadirio yakisomwa kwenye kipaza sauti, kama sasa hivi, ni takwimu. (Makofi, meza kuu tu.) Kwa takwimu hizo, duara lenu ni salama kwa asilimia tisini na nne.

(Mama Benjamini, muuza uji: "Na hizo sita zilizobaki anashuka nazo nani, baba?")

Swali zuri, Mama Benjamini, tutaliundia kamati ndogo. (Kicheko.) Naelewa mumeo Marwa ndiye kiongozi wa zamu, na hisia zako tumezipokea kimkakati. Lakini naagiza: Marwa na wenzake washuke leo saa nane, na wakikaidi, duara watapewa wengine.

Uhakika! (Meza kuu: "Kwanza!") Dhana! (Meza kuu: "Baadaye!")

Nimalizie kwa kumshukuru Marwa kwa kutuazima kamba na jiwe, ambavyo tuliviteremsha asubuhi kuusikiliza mwamba, maana ile mashine, kusema ukweli, haikuwahi kuagizwa. Tulikuwa na dhana kwamba ufa utajiziba wenyewe. Ningeshuka nanyi leo, ila viatu hivi ni vya ofisini. Nitarudi Novemba, na siku hiyo nitatangulia mimi.

(Marwa, akiketi juu ya kofia yake mdomoni mwa duara: "Hiyo Novemba ni ya hakika, mheshimiwa, au ya dhana?")

Ni... ya makadirio.

(Marwa: "Basi tunakusubiri hapahapa utangulie. Mama Benjamini, mimina uji.")