Mkojo wa Namba Saba

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya ushindi! Pale maabara, ambako natunza stoo, walitaka mikojo ya watu wenye afya. Nikatoa. Chupa zina namba tu, majina ni siri. Mashine inauvunjavunja mkojo, kila kilichomo kinatoa picha ya mistari kama meno ya kitana, kisha picha hizo wanazitafuta kwenye maktaba yao. (Maktaba haina hata kitabu kimoja! Mimi niliyesoma darasa la sita mara mbili, yaani la kumi na mbili, nimecheka.) Namba saba imetoa kitu ambacho maktaba haikijui. Namba saba ni mimi! Mpwa wangu, anayeendesha mashine, akaninong'oneza: Mjomba, nyamaza.

Jumanne, 5 Machi

Nimewaambia wote. Mlinzi, madereva, hata mwenye kantini, yule mjane ninayetaka kumposa Ijumaa. Nikamweleza kuwa kitu hicho ni nguvu za ukoo wetu. Babu alisukuma treni iliyozimika, tena akiwa na homa. Mjane akasema haya baba, akaniongezea chai. Akazisifu na nywele zangu: mtu mzima hivi, hata mvi moja! Nikamwambia ni damu tu.

(Rangi nyeusi, kila Jumapili, mlango umefungwa.)

Alhamisi, 7 Machi

Balaa! Mpwa anasema wanashuku ni mabaki ya rangi ya nywele. Ikipenya kichwani, mwili unaigeuza na kuitoa kwenye mkojo. Ila kushuku hakutoshi. Wameagiza kitu chenyewe, kikiwa safi, wakipitishe kwenye mashine ileile. Picha zikilingana, kwisha habari yangu.

Kifurushi kimeletwa stoo. Kwangu! Nikakificha nyuma ya ndoo. Mpwa akaingia, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo. Eti tangu akiwa mtoto hajaniona nikificha kitu kwingine.

Ijumaa, 8 Machi

Zimelingana. Jino kwa jino.

Habari ilifika kantini kabla yangu. Nikatangaza kwa sauti kubwa kwamba chupa zilichanganywa, namba saba ni ya mlinzi! Mlinzi akavua kofia taratibu. Upara unang'aa kama sahani iliyooshwa. Mwenye kantini akaniuliza, sasa baba, huyu rangi anaipaka wapi? Watu walicheka mpaka chai ikawapalia. Posa nikarudi nayo nyumbani.

Jumamosi, 9 Machi

Mwenye kantini ameniita! Anasema alijua zamani. Nikitoka jasho tu, mfereji mweusi unateremka hadi kwenye kola. Mvi hazimsumbui, uongo ndio unaomchosha. Nije kwake kesho nionane na kaka yake, ila nije na kichwa changu cha kweli.

Machozi yalinilengalenga. Nikaapa: uongo basi, kuanzia leo!

Nikajitazama kwenye kioo. Nyeusi tii. Mvi zinaota polepole mno, na kesho ni kesho.

Nimepita dukani. Nimenunua rangi nyeupe.