Matoke ya Majani Yameninyima Uenyekiti

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, tena nikiwa ndani ya suti.

Mnanijua. Shule niliacha darasa la nne, lakini duka la mabati hapa Kasubi ni langu, kuanzia sakafu hadi paa. (Paa lenyewe ni mabati yangu.) Leo wafanyabiashara wa mtaa wetu tulikuwa tunachagua mwenyekiti. Mgombea ni mimi peke yangu! Nikajimwagia manukato, nikaloweka na kitambaa cha mfukoni.

Kabla ya kura, chakula. Mke wangu, Mama Grace, alileta matoke aliyoyafunga kwenye majani ya mgomba tangu alfajiri. Majirani wengine walileta ya kuchemsha tu kwenye sufuria. Ningekula nikanyamaza. Lakini mdomo huu!

Nikasimama. "Matoke bila majani ni chakula cha mahabusu!"

Banange! Watu wanaokubaliana kuhusu kodi, takataka, hata siasa, wakagawanyika pande mbili papo hapo.

"Sisi mahabusu?" akafoka Mama Kato, muuza rangi. "Haya ssebo, fumba macho uonje. Tuone kama unajua tofauti."

"Mimi? Hata usingizini najua!"

Wakanifunga macho kwa kitambaa changu kilekile. Tonge la kwanza. Tonge la pili. Puani nasikia manukato tu. (Najinusa mwenyewe!) Lakini mwanamume harudi nyuma.

"La pili!" nikatangaza. "Hilo ndilo la majani, mpishi wake kabarikiwa! Aliyepika la kwanza arudi kwa mama yake akafundishwe."

Nikavua kitambaa. Mbele yangu kasimama Mama Grace, ameshika sahani ya kwanza.

"Nirudi lini?" akauliza.

Watu walicheka mpaka viti vikaanguka. Wa majani wakasema nimewasaliti. Wa sufuria wakasema nimewatukana. Kitu pekee walichokubaliana ni kwamba si mimi. Kura zote zikaenda kwa Papa Jonas, Mkongo wa vitenge, ambaye hata hakugombea. Muda wote alikaa pembeni akisema, "Mimi nakula fufu, msiniulize."

Sasa niko nyumbani. Mama Grace ameniwekea sahani mezani, imefunikwa vizuri. Nimefunua.

Majani. Majani matupu.

Mnaotaka kucheka, chekeni polepole. Yuko jikoni, anasikia.