Pipa, Mvua na Chumba cha Baba Mkubwa

Jumanne, 3 Juni

Chumba! Chumba cha mbele! Kile cha marehemu baba mkubwa Sowah, chenye dirisha la barabarani na feni ya dari. Miaka minne nalala stoo, miguu juu ya gunia la mahindi, kichwa chini ya rafu ya masufuria. Leo shangazi Korkor ametuita uani, mimi na binamu yangu Ayikwei, akatangaza. Bwana afya anakuja kukagua Ijumaa ya tarehe kumi na tatu. Mwaka jana alitukuta na nzi na uvundo, shangazi akapelekwa mahakamani na uzee wake wote ule. Hataki tena aibu hiyo. Kwa hiyo taka za nyumba nzima ni juu yangu mpaka siku hiyo. Bwana afya akikuta usafi, chumba changu. Akikuta uchafu, chumba cha Ayikwei.

Nikauliza kwa nini nipewe mimi wakati Ayikwei ndiye mbeba taka wa mtaa. Akasema Ayikwei ameshamjua. Anayetaka kumjua ni mimi.

Sikuelewa. Nimeshapima dirisha kwa ajili ya pazia.

Tatizo ni moja. Ayikwei hupita kila asubuhi na guta lake la magurudumu matatu, spika juu, kwaya inaimba, sauti yake inaita watu watoe mapipa. Ninachotakiwa ni kusukuma pipa mpaka getini. Kwake! Nimpelekee pipa mshindani wangu, nimwambie "naomba, binamu"? Thubutu! Nitatafuta njia ya mtu mwenye akili.

Jumatano, 4 Juni

Nimeamka na wazo. Huu si mwezi wa ukimya? Mahindi ya sikukuu yameshapandwa, mji mzima hakuna ngoma, hakuna muziki, makanisa yenyewe yanaimba kwa kunong'ona mpaka kuhani wa jadi atoe ruhusa. Na Ayikwei anapita na spika! Miungu inasumbuliwa na hakuna anayejali.

Nimeandika barua kwa kuhani. Ya kwanza ilikuwa kali mno. Ya pili nilijisifu kurasa mbili nikasahau kumtaja Ayikwei. Zote mbili nimezikunja nimezitupa kwenye pipa. Ya tatu ni safi. Nimeipeleka mwenyewe.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Namsemea Ayikwei.

Ijumaa, 6 Juni

Ushindi! Vijana wa kuhani wamemsimamisha Ayikwei jana njia panda, wameichukua spika yake mpaka mwezi uishe. Nilitazama kupitia upenyo wa geti. Nilitegemea machozi. Akawashukuru kwa kumkumbusha, akaendelea na safari akipiga mluzi kwa ndani.

Leo amepita kimya kabisa. Mtaa mzima hakuna aliyemsikia. Mapipa yamejaa mpaka juu, magamba ya samaki, ndizi zilizooza, mifuko ya maji ya kunywa imetapakaa kila mahali. Mwalimu Quaye wa nyumba ya pili anataka kumjua aliyepeleka umbea kwa kuhani, amtie adabu. Nikamwambia siku hizi watu hawana haya. Akanishika bega, akasema mimi ni mtu wa maana.

Pipa letu limejaa pia. Shangazi amelipita mara tatu. Mara ya tatu aliguna.

Jumamosi, 7 Juni (asubuhi)

Nimelichoma. Rahisi tu! Mafuta ya taa kidogo, kiberiti, kwisha. Ila ile mifuko ya maji haiungui kama karatasi. Inayeyuka, inatoa moshi mweusi mzito, na moshi ukapanda moja kwa moja mpaka dirisha la baba mkubwa. Chumba changu! Shangazi akatoka anakohoa, kifua kinamlia, mkono mmoja ukutani. Akachukua ndoo ya maji ya kufulia akaumwagia moto. Akabakiza nusu, akanimwagia mimi.

Amesema moshi huo ndio uliomaliza mapafu ya baba mkubwa, aliyekuwa akichoma taka pale pale miaka thelathini, akidhani anausafisha uwanja. Nikasema pole. Sasa nina pipa lililojaa, lililolowa, lililoungua nusu. Linanuka kuliko jana.

Jumamosi, 7 Juni (mchana)

Leo ni Jumamosi ya usafi wa mtaa. Wote tulitoka na makoleo kuzibua mtaro. Nilijitolea kusimamia. Nilionyesha kwa fimbo pa kuchimba na pa kutochimba. Tope lote tukalitoa, tukalirundika pembeni mwa mtaro, kama kila mwaka, likauke lisubiri kuchukuliwa. Ayikwei akasema lisiachwe pale, mvua ikinyesha litarudi lilikotoka. Yeye angeweza kulibeba lote mpaka jioni kama watu wangempakilia. Nikamwambia asilete kujitia ujuzi mbele za watu. Watu wakacheka, walikuwa wamechoka, wakaenda zao kula.

Nimemshinda kwa hoja. Anaendesha guta, anadhani ameendesha dunia.

Jumatatu, 9 Juni

Mvua! Mungu hamtupi mja wake!

Hapa kwetu hakuna asiyelijua hili, ingawa hakuna anayelisema. Mvua kubwa ni gari la taka lisilo na dereva. Unamwaga mtaroni, maji yanapeleka. Wapi? Huko. Bahari ni kubwa.

Saa nane mchana mbingu ilifunguka. Nikatoka na pipa na mwavuli. Mtaroni nikamkuta Mwalimu Quaye na ndoo mbili, na fundi cherehani na gunia la vitambaa. Tukaamkiana kwa heshima zote. Mwalimu akasema mvua hii ni nzuri kwa mahindi. Fundi akasema sana, mwalimu. Hakuna aliyetazama mikono ya mwenzake.

Nikainamisha pipa. Vyote vikaenda! Ganda, kopo, kandambili langu la kushoto lililokatika, vyote vinakimbizana kama watoto wanaotoka shule. Nilipunga mkono. Pipa tupu! Zimebaki siku nne, na uani ni safi. Ayikwei alikuwa amesimama barazani, ananitazama. Wivu ni kitu kibaya.

Jumanne, 10 Juni

Vimerudi.

Kalavati chini ya barabara limeziba. Tope la Jumamosi liliingia kwanza, mifuko ya maji ikaja juu yake, vitambaa vya fundi vikafunga kila kitu kama kizibo. Maji yakakosa njia, yakageuka, yakapanda mtaa. Tumeamka uani kuna maji ya kifundo cha mguu, meusi, na juu yake inaelea mali yetu. Kandambili langu lilinisubiri mlangoni mwa stoo. Si la Mwalimu wala la fundi. Langu.

Chini kabisa, karibu na kalavati, yuko Amerley muuza kenke, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa. Meko yake yamezama, na maganda ya mahindi ya kufungia madonge yake yamechukuliwa na maji. Saa mbili akaingia getini kwetu, sketi imelowa mpaka magotini, ameshika karatasi kwa vidole viwili. Akauliza hapa anaishi raia mwema gani. Halafu akasoma, kwa sauti, mbele ya shangazi, Ayikwei, Mwalimu Quaye na nusu ya mtaa: "Mimi, Odarkwei Nikoi Lartey, raia mwema na mpenda ukimya, nasikitika kumshtaki binamu yangu..."

Barua ya kwanza. Ile kali. Moto haukuifikia, na wino haukufutika hata herufi moja. Najuta kununua kalamu nzuri.

Nikasema huenda kuna Odarkwei Nikoi Lartey mwingine. Amerley akasema, "Yuko wapi huyo naye nimtemee mate?" Mwalimu akasema aibu gani hii, kijana, halafu akaiona ndoo yake inaelea, akaenda kuiokota. Ayikwei aliomba karatasi, akaisoma mpaka mwisho, akaikunja akaitia mfukoni. Akasema mwandiko ni mzuri. Akaenda kuzibua kalavati kwa mikono.

Shangazi hakunikaripia. Alisema maji machafu yamegusa mtungi wake wa kunywa, niyamwage, niusugue, nichemshe mengine. Nikaenda. Nikachungulia: maji meupe kabisa! Kuchota mengine ni mpaka bombani, na mtaa mzima uko bombani unanisubiri. Nikaufunika mtungi vizuri.

Jumatano, 11 Juni

Sitaki kuandika, lakini mikono haitulii.

Alfajiri shangazi alianza kuharisha. Maji matupu. Kufika saa moja alishatapika mara nne, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiibana inabaki imesimama. Nilijua ni mtungi. Mimi peke yangu ndiye niliyejua. Nilisimama pale kama gogo, nikitaja majina ya watakatifu, hata wa madhehebu mengine.

Ayikwei alikuwa ameshaosha guta kwa sabuni na dawa. Tukatandika godoro, tukamlaza. Nilikaa nyuma, kichwa chake mapajani mwangu. Chepesi! Sikujua shangazi ni mwepesi hivyo. Ayikwei alimnywesha maji yaliyochemshwa yenye chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, akanipa kikombe niendelee, akawasha guta.

Barabara ya zahanati imejaa magari, na guta halina spika. Hakuna anayetusikia. Nani alisababisha hali hiyo, naomba nisijibu. Nikasimama juu ya guta nikapiga kelele. Pisheni! Pisheni, kuna mgonjwa! Nikalia kama king'ora, uuuu, uuuu, kwa koo langu mwenyewe, mpaka mishipa ikauma. Na magari yakapisha!

Njia panda vijana wa kuhani walituona. Waliacha guta lipite. Waliningoja nirudi. Kelele katika mwezi wa ukimya: faini kuku wawili na chupa ya pombe kali ya jini. Nikawaambia raia mwema aliyewahi kuwaandikia barua ni mimi. Wakasema wanaikumbuka, hivyo sina udhuru wa kutojua sheria.

Alhamisi, 12 Juni

Shangazi ametundikiwa dripu ya tatu. Muuguzi amesema tulimwahi. Tungechelewa saa moja, muuguzi huyo angekuwa anatueleza mengine. Amesema kitanda cha pili yuko mtoto wa fundi cherehani, na cha tatu yuko mkwe wa Mwalimu. Wote wa mtaa wetu. Akauliza tunakunywa nini huko.

Nilitaka kumwambia shangazi kuhusu mtungi. Nilifungua mdomo. Yeye akafumbua macho, akauliza kwanza, "Mtungi uliumwaga?" Nikasema sasa hivi umemwagwa kabisa. Akayafumba tena. Chozi lilinitoka, nikasingizia dawa ya kusugulia sakafu.

Nilirudi nikausugua mtungi mara saba. Halafu nikauvunja.

Ijumaa, 13 Juni

Bwana afya amekuja saa nne, na daftari lake. Akachungulia pipa, choo, mtaro, nyuma ya stoo. Hakukuta hata ganda. Ayikwei alikuwa amebeba safari kumi na moja tangu Jumanne, na watu wa mtaa wakipakia. Mimi pia nilipakia. Hakuna aliyenisemesha, ila Amerley alinipa koleo lenye mpini mbovu.

Bwana afya akaandika SAFI, akaondoka. Shangazi alikuwa ameletwa, amekaa kwenye kiti barazani amejifunika shuka. Nilimkumbusha kwa upole makubaliano yetu. Uani ni safi, sivyo? Na taka zilikuwa juu yangu, sivyo?

Alicheka mpaka nikaogopa atarudishwa zahanati. Akasema msiba wa kujitakia hauna kilio, na chumba hakiombwi kwa jasho la mtu mwingine. Chumba ni cha Ayikwei. Na kwa kuwa spika ya Ayikwei imekamatwa, na mimi nimeonekana nina koo, kuanzia Jumatatu nitakaa nyuma ya guta niende nyumba kwa nyumba, nikigonga mageti na kuita kwa heshima, kwa sauti ya chini. Mpaka mwezi uishe na baada ya mwezi kuisha.

Spika ni mimi. Jamani.

Ayikwei akaniambia, "Usijali, ndugu yangu, dirishani kutakuwa na nafasi ya kuning'iniza shati lako." Alikuwa na nia njema. Ndicho kinachoniudhi.

Jumatatu, 16 Juni

Siku ya kwanza ya kazi. Nyumba arobaini na mbili. Mabega hayainuki. Amerley alinipa donge la kenke na samaki wa jana bila kuniangalia. Hiyo ni dalili nzuri.

Nimejifunza mengi wiki hii. Kwa mfano, nimegundua kwamba chumba cha baba mkubwa kinaingiza unyevu upande wa kusini, na Ayikwei ana kikohozi kidogo, na shangazi asingependa kumuua mpwa wake. Anapaswa kuelezwa. Kwa maandishi, kwa lugha nzuri. Nimeandika barua jioni hii. Ya kwanza ilinitaja mno. Ya pili ilisahau kikohozi. Nimezikunja nimezitupa kwenye pipa. Ya tatu inakwenda vizuri sana.

Pipa limejaa tena, na ni mbali mpaka lilipoegeshwa guta. Lakini nimetoka nje kutazama. Juu ya paa la Mwalimu Quaye kuna wingu zito, jeusi, limenenepa, linakuja upande wetu.

Uko wapi mwavuli wangu?